Moti Imetoka Ovahoo? Kaa Hapa Tuongee Oili

Wasee, kuna moshi wa bluu ukiuona alfajiri nyuma ya Noah unajua kabisa kuna mtu anaumia kimyakimya. Mimi niliuona hapa hapa Kihurio, saa kumi na mbili na robo asubuhi, abiria wa Same wameshapanga viroba vya mchele pembeni ya barabara wanasubiri. Ndinga ilikuwa ya mjomba wangu. Wiki sita tu tangu itoke ovahoo. Ringi mpya, beringi mpya, bloku ilipelekwa Moshi ikachongwa, hela ya mpunga ya msimu mzima ikazama mle ndani. Nikachomoa stiki ya oili, nikaifuta kwa kitambaa, nikaizamisha, nikaichomoa tena. Oili imegusa ncha tu. Na wiki iliyotangulia tulikuwa tumeongeza lita nzima.

Na mjomba hakubania mkwanja, hilo ndilo lililonikata maini. Alizama dukani akachukua galoni la bei kali kuliko yote, sinthetiki kamili, 5W-30, galoni lenyewe linang'aa kama kombe la ligi. Akaambiwa aendeshe kama amebeba mayai, akatii. Mwezi mzima Kihurio–Ndungu, Ndungu–Kihurio, spidi 40, bodaboda zinampita kushoto na kulia. Aliitunza ile injini kama mtoto mchanga, na bado ikawa kimeo.

Mimi nilipiga mboka miaka miwili Nairobi, Kirinyaga Road, pale wasee wanapaita Grogan, ndiyo maana Sheng imeniganda mdomoni. Nikarudi ocha na spana zangu. Kote kuwili, Grogan na huku chini ya milima ya Upare, nimejifunza kitu kimoja ambacho madereva wengi hawajakishika: injini iliyotoka ovahoo haitaki kulindwa isisuguane. Inataka isuguane, ila kwa kipimo, na oili ndiyo inayoshika hicho kipimo. Ukikosea oili siku za mwanzo, umezika hela.

Tukaifungua tena Noah. Hedi ikatoka, tukainama watatu juu ya bloku. Mzee wa gereji, mtu aliyeanza kushika spana enzi za Landrova za kupanda mlimani, akaniambia, "Mdogo wangu, pitisha ukucha hapo." Nikapitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda kuanzia juu hadi chini. Ukateleza mwanzo mwisho, hakuna kilichoukwaza. Ukuta ulikuwa kioo. Ungeweza kuchana nywele mle. "Hapo ndipo hela ya mjomba wako ilipopotelea," akasema, akanawa mikono kwa petroli, akakaa kimya muda mrefu.

Sasa nielewe vizuri hapa. Silinda ikichongwa na kupigwa honi, ukuta wake hauachwi laini. Jiwe la honi linaacha mistari midogo inayopishana kama ukindu kwenye mkeka, mmoja unapanda kulia, mwingine unapanda kushoto. Ile mistari ina vilele na vibonde. Vibonde vinashika oili ili pistoni isikauke. Vilele vinaisugua ringi mpya, na ringi inavisugua vilele, hadi viwili hivyo vishikane uso kwa uso na gesi isipate pa kupita. Ringi haijazaliwa na umbo la silinda yako. Lazima ilijifunze, na muda wake wa kujifunza ni mfupi kinoma: vilele vikishalainika bila ringi kukaa, darasa limefungwa.

Jambo la pili ni hili. Kinachoisukuma ringi ibane ukuta ni moto wenyewe, siyo mkazo wake peke yake. Mafuta yakilipuka juu ya pistoni, gesi inaingia nyuma ya ringi na kuikandamiza nje. Ukikanyaga mafuta kiasi, shinikizo ni kubwa, ringi inakaa. Ukiendesha kama umebeba mayai, shinikizo ni dogo, ringi inaelea juu ya oili tu, na ile oili inayobaki ukutani inaungua kidogo kidogo hadi inakuwa varnishi. Varnishi ikishafunika mistari, ukuta unakuwa kioo. Hapo injini itakula oili hadi uifungue tena. Sasa weka na ile oili ya sinthetiki yenye viungo vya kupunguza msuguano, inayoteleza kuliko kawaida, kwenye silinda iliyochongwa kwa mashine ya kitaa. Mjomba alizifanya zote mbili kwa pamoja, mwendo wa kobe na oili ya utelezi, na zote mbili kwa nia safi kabisa.

Najua kuna msee atasimama hapa aseme, mbona magari mapya yanatoka kiwandani na sinthetiki? Ni kweli. Corvette za Marekani zinatoka kiwandani na Mobil 1 tangu 1992. Lakini angalia tofauti. Kiwandani silinda inapigwa honi kwa hatua, na hatua ya mwisho inakata vile vilele kabla injini haijafungwa, kwa hiyo kazi kubwa ya kusuguana imeshamalizwa na mashine. Vipimo vyao ni vya hali ya juu na kila injini inafanana na mwenzake. Bloku yako imechongwa na fundi mmoja, jiwe moja, siku yenye umeme wa kupanda na kushuka. Inaweza kuwa kazi safi sana, nimeziona nyingi safi, ila vilele bado vipo na vinasubiri ringi. Ukinakili jibu la Corvette kwenye mtihani wa Noah yenye injini ya 3S, umefeli.

Kwa hiyo oili gani? Naongea na dere wa kawaida, mwenye Noah, Probox, Hiace au Kanta ya kubebea tangawizi toka Mamba. Chukua oili ya kawaida, isiyo sinthetiki wala nusu sinthetiki. Kwa joto letu la tambarare hii, 15W-40 inatosha kabisa. Hiyo namba ya kwanza yenye W inapima oili inavyotembea kwenye baridi kali, na Kihurio hiyo baridi haipo hata Julai. Namba ya pili ndiyo inayokuhusu, uzito wake injini ikiwa ya moto. Wapo wanaokimbilia 20W-50 wakidhani nzito ndiyo nguvu. Kwa injini iliyochoka sawa, ila injini yenye beringi mpya nafasi zake ni finyu, oili nzito mno inachelewa kufika. Kuna mafundi wa zamani wanaotumia SAE 30 au 40 yenye namba moja tu kwa siku za mwanzo, na mimi siwapingi; injini nyingi za dizeli za nchi hii zimelainishwa hivyo na zikafanya kazi miaka.

Geuza galoni usome mgongoni. Kuna herufi za API. Inayoanza na S ni ya petroli, inayoanza na C ni ya dizeli. Herufi ya pili kadiri inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo ya karibuni: SL ilikuja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Wengi tunaamini ya mbele zaidi ndiyo bora kwa kila kitu. Siyo kila kitu. Ndani ya oili kuna kiungo chenye zinki na fosforasi. Kazi yake ni kuweka utando mwembamba pale chuma kinapobana chuma, hasa kwenye kemu na vitu inavyosukuma. Shida ni kwamba fosforasi inaua masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Kwa hiyo kuanzia SM, oili nyepesi za petroli kama 5W-30 zikawekewa kikomo cha fosforasi, asilimia 0.08. Kwa gari jipya ni poa. Kwa injini ya kizamani ambayo kemu yake inasugua chuma bapa, kama 5K ya Toyota kwenye vile vi-Liteace na Townace vya zamani, na umeifungia kemu mpya, kiwango hicho ni kidogo, na kemu inaweza kuliwa ndani ya nusu saa ya kwanza. Ndiyo maana mafundi wengi wanaijaza injini ya namna hiyo oili ya dizeli ya 15W-40, ya CH-4 au CI-4, kwa siku za mwanzo hata kama ni ya petroli. Oili hizo kwa kawaida zina zinki ya kutosha na sabuni ya kubeba uchafu. Ukimaliza kulainisha, unarudi kwenye oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, masega yako yanabaki salama.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe, maana oili sahihi kwenye mikono ya haraka haisaidii. Kabla hujawasha, jaza filta mpya oili kama inakaa wima, kisha ifunge. Tenganisha waya wa moto wa plagi, au kwa dizeli ule wa kukata mafuta, upige stata kwa vipande vifupi hadi taa ya oili izime. Taa ikizima maana yake pampu imeshanyonya na beringi zimelowa. Usiwashe taa ikiwa inawaka eti itazima yenyewe. Beringi kavu haisamehe. Nimeona injini imenoki kabla haijatoka hata getini, na mwenye gari ameshika risiti mkononi.

Ikishawaka, usiiache inaunguruma taratibu huku mnapiga picha za status. Dakika 20 za kwanza kwenye injini ya kemu inayosugua chuma bapa inatakiwa mizunguko kama 2,000 kwa dakika, ikipanda na kushuka kidogo, ili oili irushwe hadi juu. Injini nyingine ipashe tu moto, kagua uvujaji, kagua maji, kisha ingia barabarani. Ndiyo, siku hiyo hiyo.

Barabara yetu ya kutoka Kihurio kwenda Bendera hadi Mkomazi ina vipande vilivyonyooka ambavyo ni dawa. Tafuta kipande kisicho na watoto wa shule wala mbuzi. Gia ya tatu, toka 40, kanyaga mafuta nusu, siyo yote, hadi 70 hivi. Achia mguu kabisa, acha injini yenyewe ikurudishe hadi 40 bila kugusa breki. Rudia mara kumi. Unapokanyaga, gesi inaikandamiza ringi. Unapoachia, silinda inavuta oili kuelekea juu, inapoza na kuosha unga wa chuma uliosuguliwa. Ukifika Mkomazi na kurudi, kazi kubwa imeshafanyika. Noah ya otomatiki weka kwenye 2. Spidi moja kwa safari ndefu haisaidii, na kubeba gunia za mpunga hadi spring zimelala nayo ni dhambi nyingine. Injini ya wiki ya kwanza inataka kazi, haitaki mateso.

Kisha mwaga oili. Hapa ndipo wana wengi wanapotoka relini, kwa sababu inauma kumwaga kitu kinachoonekana bado kizuri. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kati ya mwisho wa siku ya kwanza na kilomita 100, na filta itupwe nayo. Ya pili kwenye kilomita 500. Ya tatu kwenye 1,500. Hesabu hii ndiyo inayonifanya niseme nunua oili ya bei ya kawaida: kwa hela aliyotoa mjomba kwa galoni moja linalong'aa, ungepata oili nyingi ya kumwaga mara tatu, na kumwaga ndiko kunakookoa injini. Ile oili ya kwanza imebeba unga wa ringi, mchanga wa jiwe la honi uliojificha, vipande vya gasketi, kila takataka iliyobaki wakati wa kufunga. Ukiiacha mle, unazungusha msasa kwenye beringi mpya.

Usitupe filta kabla hujaichana. Kata bati kwa msumeno taratibu, vuta ile karatasi yake, ikunjue juani. Unga wa kijivu mwembamba kama vumbi la risasi ya kalamu ni kawaida, ringi zinakaa. Ukiona chembe za rangi ya shaba, beringi zinaliwa, simama hapo hapo. Ukiona magamba ya chuma unayoweza kuyashika kwa kidole, gari isitembee hata mita. Pitisha na sumaku kwenye oili iliyomwagwa. Dakika kumi za kazi hii zinakupa habari ambayo hakuna dashibodi itakupa.

Kuna adui mwingine ambaye watu wa mjini hawamjui kama sisi tunavyomjua, naye ni vumbi. Lami imekuja kwa vipande kwenye barabara hii ya kutoka Same kupitia Kisiwani, lakini ukiingia njia za mashambani, au ukifuata gari lililobeba mazao kiangazi, huoni boneti yako. Vumbi hilo lina mchanga mgumu kuliko ringi. Kama filta ya hewa imepasuka, au ule mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini umelegea klipu, mchanga unaingia moja kwa moja ukutani, na hakuna oili duniani itakayokutetea. Nakuomba: siku unayofanya ovahoo, nunua na filta mpya ya hewa na klipu mbili. Kuipuliza ile ya zamani kwa upepo wa gereji ukairudisha ni kuiba kwenye mfuko wako mwenyewe.

Wana wa bodaboda, sijawasahau, maana huku toyo ndizo zinazobeba kila kitu, toka mgonjwa hadi mche wa mgomba. Pikipiki ikibadilishwa pistoni na ringi sheria ni ile ile, ila kuna la ziada. Kwenye pikipiki nyingi oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayolowesha klachi. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano inaweza kufanya klachi iteleze, unapiga resi inalia tu, mlima haupandi. Tafuta galoni lililoandikwa JASO MA, kiwango cha Wajapani kwa ajili ya pikipiki za klachi ya kulowa. Pikipiki za kazi nyingi zinameza kama lita moja tu, kwa hiyo huna sababu ya kubana: mwaga baada ya siku ya kwanza, mwaga tena baada ya wiki.

Kuna maujanja ya kijiweni nataka yafe. Kuchanganya mafuta ya taa kwenye oili ili "isafishe" injini mpya, kunapunguza uzito wa oili wakati beringi zinaihitaji kuliko wakati wowote. Kumimina dawa nzito ya kuzuia moshi, inaficha dalili, wiki mbili baadaye moshi unarudi na bili kubwa zaidi. Kurudishia oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa, eti ni ya kulainishia tu itamwagwa, hapana mwanangu, kitambaa hakichuji asidi wala masizi. Na galoni ambalo mfuniko wake umeshafunguliwa, au lakiri yake imegundishwa upya, liache dukani hata kama muuzaji ni shemeji yako. Tazama alama ya TBS, tazama tarehe, na ukimaliza kutumia galoni tupu litoboe, kwa sababu kuna watu wanayanunua matupu ili wayajaze wanachojua wao.

Mjomba sikumlaumu, na sitaki yeyote amlaumu. Alipewa ushauri na watu aliowaamini, akalipa, akatii. Wengi wetu huku gari moja ndiyo ada ya shule, ndiyo mbegu, ndiyo nauli ya bibi kwenda hospitali. Ikila oili haliwi mwenye gari peke yake. Kwa hiyo nikiona dere anatoka gereji na injini mpya, naenda kumsalimia hata kama hatujuani, namuuliza ameweka oili gani.

Ile Noah tuliipiga honi upya, mistari ikarudi, ringi mpya zikaingia. Tukajaza 15W-40 ya kawaida. Mjomba mwenyewe alishika usukani, mimi pembeni yake, tukaenda Mkomazi na kurudi, kanyaga, achia, kanyaga, achia, yeye anaogopa kwenye mara ya kwanza na ya pili, kwenye ya tano anatabasamu. Jioni tukamwaga, tukachana filta, ikatoka ya kijivu safi. Tukamwaga tena kwenye 500, tena kwenye 1,500. Sasa inapanda Same kila asubuhi, na toka oili moja hadi nyingine stiki haishuki hata nusu ya nafasi kati ya alama mbili. Akitaka sinthetiki sasa, aweke, ringi zimeshakaa.

Wewe ambaye bloku yako iko kwa fundi wiki hii: kabla hujaenda kuichukua, nunua filta mbili za oili na moja ya hewa, na oili ya kutosha kumwaga mara mbili. Mwambie fundi hutaondoka hadi uone taa ya oili imezima kwa stata.